Mistari Miwili ya Mkonge

Naomi,

Mama yako ameshamaliza mambo yote ya maana. Neti iko kwenye begi, sufuria ziko ndani ya ndoo, maji ya huko uchemshe hata kama wenyeji wanakunywa hivyo hivyo, na ukifika upige simu kabla hujakaa. Kwangu halijabaki la kuongeza. Muda huu ninyi wawili mko Katesh mnatafuta kufuli na taa ya sola, na mimi nimekaa mezani, mlango wazi, kuku wanaingia na kutoka kama wenye nyumba. Nina mchana wote, maana mama yako akiingia sokoni hatoki mpaka amesalimiana na kila muuza nyanya.

Naandika badala ya kukuambia kwa mdomo kwa sababu unanijua. Nikianza kuongea, nahubiri. Kwenye karatasi naweza kufuta, na tayari nimechana kurasa mbili.

Jambo lenyewe ni hili. Ulipokuwa darasa la tatu uliniuliza kwa nini maziwa ya akina mzee Gidamis hayaji tena. Nilikujibu, na jibu langu halikuwa la kweli. Sasa wewe ni muuguzi, umepangiwa zahanati ya Yaeda Chini, na mzee Gidamis na watu wake wako huko huko. Watakuuliza wewe ni binti wa nani, kwa sababu kule salamu haijaisha mpaka baba na ukoo vijulikane. Sitaki usimame mbele yao ukataja jina langu kwa fahari, halafu uone nyuso zinabadilika na wewe hujui kwa nini.

Nianze mbali kidogo, utanivumilia.

Unakumbuka daftari langu dogo la mfuko wa shati. Mchungaji wa Kanisa la Marafiki, hasa wa kijijini kama mimi, hana maktaba. Ana jembe, baiskeli na ng'ombe wawili, na humo ndimo anamotafuta neno la Jumapili. Mimi nilitafuta kwa bidii mno. Mlipochambua maharage, niliandika. Ulipovunja chungu cha bibi yako, kabla hujamaliza kulia nilikuwa nimeshaandika. Mama yako alikuwa akisema, "Baba Naomi, siku nikifa utaandika kwanza ndipo uite majirani." Alikuwa anatania, lakini si sana.

Somo nililolipenda kuliko yote lilitoka kwenye pancha. Nilikuwa naziba mpira wa baiskeli pale nje, wewe umenishikia karai la maji. Tundu lilikuwa dogo, halionekani wala halisikiki. Nikauzamisha mpira majini, tukatulia, na vipovu vikapanda vyenyewe. Ulipiga makofi. Jumapili nikawaeleza waumini kwamba ndiyo maana sisi Marafiki, ambao wengine wanatuita Quaker, tunakaa kimya katikati ya ibada bila wimbo wala sala ya sauti. Kimya ni yale maji, nikawaambia, na linaloonekana humo ni tundu lako mwenyewe, si la jirani. Walilipenda sana neno hilo, mpaka leo wapo wanaonikumbusha. Lilikuwa la kweli. Kosa langu ni kwamba nilidhani nikishalisema nimeshamalizana nalo.

Sasa nije kwa mzee Gidamis.

Boma lake lilikuwa upande wa chini wa kanisa. Ni Mbarbaig, mfugaji, hakuwahi kubatizwa na wala hakunipa matumaini ya uongo kwamba siku moja atabatizwa. Akinikuta na ng'ombe wangu wawili alicheka na kuuliza mchungaji gani huyu mwenye kundi la kuhesabu kwa vidole viwili. Mke wake alituletea maziwa kwenye kibuyu, yale yenye harufu ya moshi uliyoyapenda, na sisi tuliwapelekea mahindi na maharage kwenye kikapu cha mama yako. Kikapu kilirudi na kitu ndani, kibuyu nacho kilirudi na kitu. Hakuna aliyepima.

Ng'ombe wake walishuka kunywa maji lamboni, kwenye lile bwawa la mifugo, kwa njia iliyopita kati ya shamba la mzee Safari na kiwanja cha kanisa. Njia hiyo niliijua kwa mikono yangu. Mwaka niliofika hapa Gehandu, kabla hujazaliwa, baba yake mzee Safari aliniomba nimsaidie kupanda mkonge kila upande wa njia ili ng'ombe wasiingie shambani. Tulikuwa wawili tu. Tulipanda mistari miwili, katikati tukaacha nafasi ya ng'ombe watatu kupita sambamba. Tulipomaliza alisimama pale katikati na jembe lake, akaniambia, "Hii si yangu na si ya kanisa. Ni ya kwenda majini." Miiba ya mkonge ilinichoma mkono huu ninaoandikia, na alama ipo.

Yule baba alipofariki, mzee Safari alileta trekta, akang'oa mkonge wote, akapanda mahindi mpaka ukutani kwa kanisa. Ng'ombe wa Gidamis wakapita pale walipozoea kupita. Ukazuka ugomvi, na ugomvi ukafika mahakama ya mwanzo. Shamba lilikuwa na karatasi. Njia haikuwa na karatasi yoyote, ilikuwa na mimi.

Ujue pia mzee Safari alikuwa nani kwetu. Alikuwa mzee wa kanisa, tena karani wa mkutano wetu wa kila mwezi, na bati zote unazoziona juu ya kanisa alizileta yeye. Kila Jumapili alikaa benchi la mbele na familia yake yote, na benchi lilijaa.

Gidamis alikuja hapa nyumbani siku mbili kabla ya kesi. Tulimkaribisha, hakukaa.

"Mchungaji," akasema, "wewe ulipanda ile mikonge. Wazee wengine waliojua wamekufa. Nenda ukaseme ulichoona, basi."

"Nitasema, mzee."

"Utasema kweli?"

"Kwetu sisi ndiyo ni ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Wewe ulikuwa umekaa hapo kizingitini unakula ugali na maziwa yake.

Siku ya kesi niliitwa kizimbani kuwa shahidi wake. Karani wa mahakama akanipa Biblia niishike, niape. Nikakataa. Hilo unalijua, sisi hatuapi, kwa kuwa Yesu alikataza, na kwa kuwa mtu hapaswi kuwa na kweli ya mahakamani na nyingine ya sokoni. Hakimu alikuwa mama mmoja mpole. Akasema, "Mchungaji, sheria inalijua hilo. Kama huapi, thibitisha tu kwamba utasema kweli, tuendelee."

Ilitakiwa iishie hapo. Marafiki wengi wamewahi kuthibitisha namna hiyo, na imani yetu haina shida nayo. Mimi nikasema, "Mheshimiwa, mtu anayesema kweli kila siku hana haja ya kuithibitisha leo." Nikasikia watu wananong'ona. Nikaona wamependa, nikaongeza. Nilizungumza habari ya viapo muda mrefu kuliko ambao ningetumia kueleza habari ya mkonge.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Baba mchungaji, nimekusikia. Unatoa ushahidi au hutoi?"

"Kwa namna hiyo siwezi, mheshimiwa."

"Haya, shuka."

Nikashuka. Gidamis alikuwa amesimama na shuka lake begani, ananitazama, nadhani alikuwa bado anasubiri nianze. Mzee Safari alikuwa amekaa mbele, anatazama viatu vyake. Na mimi, mwanangu, mguu wangu ulipogusa sakafu nilisikia nafuu mwili mzima, kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi.

Hiyo nafuu ndiyo ninayokuandikia. Sikuogopa kuapa wala kuthibitisha. Nilimwogopa Safari, niliogopa kuona benchi la mbele tupu, na imani yetu ikanipa mahali pa kujificha ambapo kwa nje nilionekana shujaa. Nilijua palepale, sitakudanganya kwamba nilikuja kujua baadaye. Nilijua nikiwa bado natafuta kofia yangu.

Gidamis alishindwa kesi. Njia ikawa shamba kisheria, na ng'ombe wake wakaanza kuzunguka mbali sana kufika majini, ndama wakiwa nyuma wamechoka.

Jumapili iliyofuata nikapanda mimbarani nikahubiri habari ya mtu aliyekataa kiapo. Ndiyo, nilifanya hivyo. Sikutaja jina langu, lakini kila mtu alijua, na waliimba kwa nguvu mno siku hiyo. Nilipoinua macho nikamwona mzee Gidamis amekaa benchi la mwisho karibu na mlango, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Ulipofika wakati wa kimya, alikaa kimya kuliko sisi wote. Baada ya ibada alinisubiri nje, mkononi ana kikapu cha mama yako.

"Mchungaji, mimi nimepoteza njia," akasema. "Wewe umepata hadithi."

Akanipa kikapu. Hakikuwa na kitu ndani. Miaka yote ile hakikuwahi kurudi kitupu.

Mwezi haukuisha wakahama. Ndipo ukaniuliza habari ya maziwa, nami nikakujibu kwamba wafugaji ndivyo walivyo, huhama tu, leo hapa kesho kule, ni kama ndege. Ukaridhika ukaenda kucheza. Yule aliyegoma kuthibitisha mbele ya hakimu kwa sababu eti hasemi uongo, alimdanganya mtoto wa miaka tisa mlangoni kwake, na wala hakuna aliyemwomba aape. Nikikumbuka kesi nasikia uchungu. Nikikumbuka lile jibu nililokupa nasikia aibu, na aibu ndiyo mbaya zaidi.

Tangu hapo niliacha daftari. Ninyi mlidhani ni macho, mkaninunulia miwani, nami nikaivaa. Nimehubiri miaka kumi na mitatu juu ya vitu nilivyovisoma, si vitu nilivyoviona, na pengine ndiyo maana ulikuwa unasinzia. Na kila Jumapili wakati wa kimya, vipovu vinapanda palepale. Sijawahi kukaa katika kimya chenye amani tangu nishuke kile kizimba.

Nimejaribu kufikiri nikupe nini kutokana na haya yote, wewe unayeanza kazi. Ninachoweza kusema ni kidogo. Nilikuwa na haraka ya kupata funzo kabla sijamwona mtu. Gidamis alikuwa na ng'ombe wenye kiu, mimi nikaona habari ya viapo. Na jingine, lichukue ukipenda: nikikataa kufanya jambo kwa ajili ya Mungu, siku hizi najichunguza kwanza kama kukataa huko kunanipa nafuu. Kukinipa nafuu, nakaa chini nifikiri upya. Ndugu zangu wachungaji nikiwaambia hivi watasema nimezeeka.

Kwenye mnada wa mwezi uliopita nilikutana na mchuuzi wa mbuzi anayeshuka Yaeda Chini mara kwa mara. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu kupitisha muda, kama anamfahamu mzee Gidamis. Akasema yupo, macho yamepungua lakini bado anatambua ng'ombe kwa sauti. Nilirudi nyumbani na chumvi niliyotumwa nimeisahau. Siku tatu baadaye ikaja barua yako ya kupangiwa kazi. Uliruka, mama yako akapiga vigelegele, mimi nikatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe. Mama yako alidhani nahuzunika kwa umbali na barabara mbovu. Wiki iliyopita nilimweleza yote. Akasema, "Nilijua kuna kitu. Sikujua ni kikubwa hivyo." Hajanitania tangu siku hiyo, na ninatamani anitanie.

Juzi nilikwenda kwa mzee Safari. Unajua hatembei tena, wanamtoa nje kuota jua. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, nikamweleza niliyomficha: kwamba nilipanda ule mkonge na baba yake, kwamba nilisikia maneno ya baba yake kwa masikio yangu, na kwamba nilinyamaza kwa kumwogopa yeye.

Akageuza uso kutoka juani, akaniangalia. Kisha akasema, "Mimi nilijua kwamba unajua. Baba aliniambia mlipanda wote. Siku ile mahakamani nilikuwa nimeshajiambia, mchungaji akisema, naachia njia, siwezi kubishana na mchungaji wangu mbele ya watu. Ulipokataa kusema, nikasema basi, Mungu amenipa."

Nililokuwa naliogopa halikuwepo kabisa. Benchi lisingekuwa tupu. Neno moja lingetosha, na alikuwa analisubiri.

Nilipoinuka akanishika mkono. "Ukimwona Gidamis, mwambie..." Hakumaliza, nami sikumharakisha. Njia yenyewe sasa ina mbaazi, na mwanawe ndiye anayelima. Nimeongea na huyo kijana. Amesema atafikiri, na mimi nitamkumbusha kila wiki mpaka anichoke.

Kwanza nilikusudia nikupe wewe salamu za kumpelekea mzee. Nilikuwa nimeziandika vizuri, ndizo hizo kurasa nilizochana. Niliposoma nikaona narudia mchezo uleule, mtu mwingine abebe kwa niaba yangu neno ambalo ni la kinywa changu. Wewe una kazi yako kule. Uende ukiwa muuguzi, si mjumbe wa dhambi za baba yako. Na kama baada ya kusoma haya utaniona tofauti, una haki. Nimekaa na hofu hiyo tangu asubuhi. Nakupenda, Naomi, na ningependa kuendelea kuwa yule baba wa karai na pancha, ila huyu wa mahakamani naye ni mimi.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimemwomba mwenye gari la alfajiri la kwenda Mbulu aniwekee nafasi ya pili kesho, kando yako, na kutoka Mbulu tutadandia chochote kitakachoshuka bondeni. Nitakaa huko siku mbili. Nitamwambia mzee Gidamis mbele ya watu wake yale ambayo ningesema mbele ya hakimu, habari ya mkonge, upana wa ng'ombe watatu, na maneno ya marehemu. Kama atataka nithibitishe, nitathibitisha. Kama atanifukuza, nitalala zahanati kwako na kurudi kesho yake. Na wakiuliza wewe ni binti wa nani, nitakuwa nimesimama hapo, nitajibu mwenyewe.

Kile kikapu bado kipo. Mama yako amekijaza maharage mapya leo asubuhi. Usianze kutafuta maana yake, ni maharage tu, na nyumba ya mzee Gidamis haikosi watoto.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uisome mkirudi, peke yako. Kikapu nitakiweka mlangoni. Kama unaona ni vizuri uanze maisha yako kule bila mimi na mambo yangu, kirudishe jikoni, sitakuuliza neno, nami nitakwenda peke yangu siku nyingine, maana kwenda nitakwenda. Ukikiacha pale pale, basi kesho asubuhi usiniage.

Baba yako